Masuali ya Wasomaji: Kuisaidia Skuli ya Shamba

Barua nyingi za safari hii zimetoka Pemba na Kaskazini Unguja, na karibu zote zinauliza jambo moja: watu wana nia, wana fedha kidogo, skuli ya kijiji ina shida, waanzie wapi? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Assalaam alaikum. Sisi ni jumuiya ya wazaliwa wa kijiji kimoja cha wilaya ya Micheweni. Wengine tuko Mjini, wengine Muscat na London. Tumekusanya fedha za vyumba viwili vya madarasa, na mzee mmoja ametupa kiwanja. Tuchimbe msingi kabla ya masika? (Katibu wa jumuiya, Unguja)

Waalaikumu salaam, ndugu katibu. Msichimbe bado. Kiwanja cha kupewa kwa mdomo ndicho kinachozaa kesi. Zanzibar ardhi ni mali ya Serikali na mtu ana haki ya kuitumia tu, na mara nyingi miti iliyo juu yake ina mwenyewe mwengine. Mzee akishaondoka duniani, warithi huja kudai mikarafuu na minazi yao. Andikeni hati mbele ya sheha. Atie saini mzee, watie saini wote watakaomrithi, na mwenye miti naye akubali kwa maandishi. Kama mzee anakusudia sadaka ya kudumu, kiwanja kinaweza kuandikishwa wakfu katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na hapo mlango wa ugomvi unakuwa mdogo sana.

Karatasi ya pili muitafute ofisi ya elimu ya wilaya: barua inayosema vyumba hivyo vimo katika mpango wake na vitapangiwa walimu. Chumba bila mwalimu ni ghala. Kamati ya skuli iwepo katika mazungumzo hayo tangu siku ya mwanzo, maana funguo zitabaki kwake nyinyi mkisharudi Muscat.

Sasa ujenzi. Chumba cha mita 9 kwa 7 chenye kuta za mita 3 kina ukuta wa mita za mraba 80 hivi, ukishatoa milango na madirisha. Kwa tofali la inchi 6 weka matofali 10 kwa kila mita ya mraba, pamoja na yatakayovunjika. Basi ni matofali 800 kwa chumba, mbali na msingi. Ukichanganya saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 8, mfuko wa kilo 50 utatoa matofali 16 hadi 18. Fundi akijisifu kwamba mfuko wake unatoa 40, jua huo ukuta utasagika kwa kidole. Tofali limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, likae kivulini, na lisijengewe kabla ya siku 14. Kazi hii ya kumwagia ndiyo wanakijiji wanayoiweza vizuri kwa msaragambo. Kupima zege siyo.

Zege la linta, yaani boriti inayopita juu ya milango na madirisha, ni 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Tengenezeni sanduku la mbao la sentimita 33 kila upande. Linachukua kiasi cha mfuko mmoja wa saruji, kwa hiyo hakuna kubahatisha kwa makoleo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umerowa, pungufu ya hapo. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga, lakini likikauka linabaki na vitundu, na hewa ya bahari inaingia hadi kwenye nondo. Mchanga wa pwani msiuguse hata mkiupata bure. Chumvi yake huila nondo kwa ndani, na baada ya miaka michache linta inapasuka kwa urefu wake wote. Nunueni mchanga wa halali na mdai risiti.

Juu ya linta muache vipande vya nondo ya milimita 8 vikiwa vimezama ndani ya zege, kenchi za paa zifungwe navyo. Pepo za kusi haziling'oi bati peke yake, zinang'oa bati na kenchi zake. Bati liwe geji 28. La geji 30 ni rahisi dukani, ila ni jembamba zaidi, na karibu na bahari kutu huanzia kwenye matundu ya misumari. Kila msumari uwe na mpira wake.

La mwisho ndilo tunalolishikilia kuliko yote. Ada ya kwetu ni wananchi kufikisha jengo kwenye linta kisha Serikali ikaezeka. Ada nzuri, lakini ukuta ulioachwa wazi misimu miwili ya mvua hunywa maji kwa juu, udongo wa saruji unalainika, na nondo zilizochomoza zinaoza. Kama fedha zenu zinatosha vyumba viwili hadi linta, au kimoja kilichokamilika na bati, sakafu na ubao, jengeni kimoja.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne Kaskazini A. Kati ya watoto 61, zaidi ya nusu hawawezi kusoma aya moja ya Kiswahili. Kuna kikundi cha kina mama wa hapa kinataka kutoa msaada, wakauliza wanunue nini. Nikakosa la kusema. (Mwalimu, Unguja)

Mwalimu, waambie wasinunue chochote kwa wiki mbili. Kwanza mpime.

Upimaji ni wa mtoto mmoja mmoja, dakika tano kila mmoja, pembeni, wenzake wasisikie. Tayarisha karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kumi (ba, me, ki, nyo…), maneno kumi mafupi (kuku, nazi, dirisha…), aya ya sentensi nne, na hadithi ya maneno kama 60 ya kiwango cha darasa la pili. Anzia kwenye aya. Akiisoma bila kugandaganda, mpe hadithi. Akishindwa, rudi kwenye maneno: achague 5, akipata 4 yuko ngazi ya neno. Akishindwa tena, silabi kwa kanuni hiyo hiyo. Asiyepata silabi 4 kati ya 5 yuko mwanzo kabisa, na hilo si aibu, ni taarifa. Ngazi za namna hii ndizo wanazotumia shirika la Uwezo katika tathmini zao za kusoma za Afrika Mashariki, na kufundisha kwa kufuata ngazi badala ya darasa kulisambazwa na shirika la Pratham la India.

Ukishapata orodha, wapange kwa ngazi na wala usiangalie umri. Kundi lisizidi watoto 25. Wanaoanza wapewe mwalimu aliye hodari zaidi. Kawaida wanapewa yule mgeni, na ndipo kazi inapoharibika. Saa moja kila siku, siku tano kwa wiki. Saa hiyo igawe: dakika 10 za mazungumzo au hadithi ya kusimuliwa, 15 za kusoma kwa sauti wote pamoja na mwalimu akionesha kwa kidole, 20 za michezo ya kadi za silabi wakiwa wanne wanne chini kwenye mkeka, 15 za kuandika. Baada ya wiki sita pima tena kwa karatasi nyengine, uwahamishe waliopanda. Mtoto anayebaki ngazi moja kwa vipimo viwili mfululizo mtazame macho na masikio kabla ya kumlaumu.

Saa hiyo itoke wapi? Skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, hazina nafasi, na mchana watoto wako chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Ikiwezekana iwe ndani ya ratiba, makundi yote kwa wakati mmoja. Ikishindikana, vyuo vingi hufunga Alhamisi na Ijumaa. Zungumza na maalimu wa chuo kwanza, usimkute na ratiba tayari. Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalioni. Katika vijiji vya mwani mahudhurio yanashuka wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa sababu maji hukauka asubuhi ya saa nne, katikati ya masomo, na watoto wanakwenda na mama zao mashambani baharini. Msimu wa karafuu ndiyo hivyo hivyo kule Pemba. Usipange upimaji siku hizo, utapata matokeo ya waliobaki tu.

Ukimaliza hayo ndipo kina mama watoe fedha, na si nyingi: manila za kadi, chaki, kalamu, mikeka minne, karatasi za kupimia, na posho ya vijana wawili waliomaliza skuli na wako nyumbani. Wafunzwe siku tano, kisha watembelewe kila baada ya wiki mbili. Posho iwe ndogo lakini ifike kwa siku yake. Posho kubwa inayochelewa miezi mitatu ndiyo iliyoua mipango mingi ya namna hii.

Ndugu yangu yuko Uingereza, amepata kontena la vitabu vya bure kwa skuli yetu. Tumejaa furaha, lakini mwalimu mkuu amenyamaza. Kwa nini? (Mzazi, Wete)

Pengine anajua nani atalipia kuligomboa bandarini, na wapi vitawekwa. Muombe ndugu yako orodha kabla ya kontena kufungwa: jina la kitabu, lugha, kiwango cha umri, mwaka. Hadithi za watoto zenye picha na Kiingereza chepesi zichukueni. Atlasi za zamani, vitabu vya kiada vya mtaala wa nchi nyengine na riwaya za watu wazima viacheni huko. Mtaala wa Zanzibar umebadilishwa kuwa wa umahiri, na vitabu vya kiada vinapitia Taasisi ya Elimu Zanzibar. Kitabu cha mtaala mwengine kinamchanganya mtoto na kumpa mwalimu kazi ya kusahihisha.

Kwa nauli ya kontena hilo mngeweza kununua hadithi nyingi za Kiswahili Dar es Salaam, ambazo mtoto atazisoma leo. Ziwekeni katika masanduku ya plaiwudi ya sentimita 60 kwa 40 kwa 35, vitabu 40 kila sanduku, kifuniko kifunguke kiwe rafu. Skuli nne jirani zibadilishane masanduku kila muhula, na hapo kila skuli inaonja vitabu 160 kwa bei ya 40. Sanduku lisiguse ukuta, liache nafasi ya upana wa vidole vitatu kwa sababu ya unyevu, na liwe juu ya miguu iliyotiwa ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa hawapandi hapo.

Daftari la kuazima liwe na safu tano tu: tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu, siku ya kurudisha. Siku saba zinatosha. Na muandike tangu mwanzo kwamba kupotea kwa vitabu vinne katika 40 kwa mwaka hakuna wa kulipishwa. Kabati nyingi za vitabu zimefungwa kwa sababu hii moja: mwalimu aliambiwa kila kitabu kitakachopotea kitatoka kwenye mshahara wake. Nani asingefunga?

Tumepewa tangi la lita 5,000 kwa vyoo vya wasichana, skuli yenye wanafunzi 400. Litatosha kwa mvua? Na liwekwe vipi? (Mjumbe wa kamati ya skuli, Mkoani)

Kwa masika na vuli ndiyo, kwa kiangazi hapana, na ni bora mlijue hilo mapema. Hesabu yake: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la chumba kimoja lenye mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,600. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki 1,280. Wanafunzi 400 wakitumia lita 2 tu kila mmoja kunawa mikono ni lita 800 kwa siku. Tangi lililojaa litakwisha siku ya saba. Kwa hiyo unganisheni gata za mabanda mawili, na muweke tundu la kujazia kwa gari au kwa bomba la Mamlaka ya Maji, kwa ajili ya Januari na Februari.

Lita 5,000 ni tani tano. Msingi wa matofali uliojazwa kifusi kisichoshindiliwa utazama upande mmoja na tangi litapasuka chini. Shindilieni kwa tabaka za sentimita 15, juu mwage zege la sentimita 10, na mpime usawa kwa pima maji. Maji ya mwanzo ya kila mvua yasiingie tangini, khasa kwetu hapa ambapo kunguru ndio wenye paa. Acheni nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 40 kwa paa la 80. Bomba la inchi 6 lililosimama lenye urefu wa mita 2.3 linazichukua, chini liwe na kizibo cha kufungulia baada ya mvua. Kizibo kisipofunguliwa, mvua ijayo uchafu wote unakwenda tangini, kwa hiyo kazi hiyo ipewe mtu mwenye jina. Kila uwazi ufunikwe kwa wavu wa mbu. Maji haya ni ya kunawa na kusafishia. Ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe.

Kuhusu vyoo vyenyewe: sehemu zenye mawe ya matumbawe shimo la kawaida ni hatari, maana maji machafu hupenya katika nyufa za jiwe na kufika visimani. Lijengeni karo lililopigwa plasta ndani, mbali na kisima. Chumba cha wasichana kinahitaji komeo la ndani, mfereji ndani ya chumba chenyewe badala ya nje mbele ya watu, ndoo yenye kifuniko na ndoano ya kutundika nguo. Kama mnatoa pedi za kufua, toeni na sabuni, kwa sababu pedi isiyofuliwa vizuri na kuanikwa juani inaleta maradhi. Na ufunguo usikae ofisini. Choo kinachofunguliwa wageni wakija hakimsaidii mtoto wa darasa la sita.

Je, ni vizuri mfadhili kuchagua mtoto mmoja mmoja wa kumsomesha na kutumiwa picha zake? (Bila jina, Chake Chake)

Hatupendi. Elimu ilitangazwa bure Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, kwa hiyo fedha hizo kwa kawaida zinakwenda kwenye sare, madaftari, viatu na nauli, vitu ambavyo mtoto wa nyumba ya pili naye hana. Ni bora fungu moja la skuli, kamati ipange wanaostahiki kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani. Picha zipigwe kwa idhini ya mzazi, bila jina kamili la mtoto wala la kijiji, na asipigwe akiwa amepokea kitu mkononi.

Tunataka kuwapikia uji watoto 120 wa skuli ya maandalizi. Unga kiasi gani, na tutajuaje haupotei? (Kikundi cha akina mama, Tumbe)

Akina mama, shikamooni. Gramu 50 za unga kwa mtoto, basi kilo 6 kwa siku, maji lita 42 na sukari kilo 1.2. Koroga unga katika lita 10 za maji baridi kwanza, kisha mimina ndani ya lita 32 zinazochemka huku mnakoroga. Upikwe dakika 20 baada ya kuchemka tena. Sufuria iwe ya lita 60, msije mkafurika.

Mkichanganya njugu, zichambueni kabla ya kusaga: iliyokunjana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe. Ina sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Unga wenye njugu unachacha haraka, sageni wa wiki mbili tu. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Kabla ya Ramadhani punguzeni manunuzi, kwani mwezi huo hampiki.

Kuhusu kupotea: kila siku mwalimu aandike idadi ya watoto waliokunywa, mpishi aandike kilo alizotoa, katika daftari moja. Gawa kilo kwa watoto. Ikija 0.05 salama. Ikipanda hadi 0.07 kwa siku tatu mfululizo, kaeni kitako mzungumze.

Wanafunzi wetu wa kidato cha nne hulala skuli wakati wa kambi ya mtihani. Taa za sola tulizopewa zinazimika saa mbili usiku. Mfadhili anataka kuongeza paneli. (Mwalimu mkuu msaidizi, Pemba)

Mwalimu, mzuie kidogo. Taa nne za wati 9 kwa saa nne ni wati-saa 144. Paneli ya wati 100 kwa jua la saa tano, ukitoa upotevu, inaleta 350 hivi. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina wati-saa 1,200, na inayofaa kutumiwa ni nusu yake. Kama vyombo vyenu ni vya ukubwa huo, paneli si tatizo. Ama betri imechoka, ama kuna anayekula umeme.

Zimeni kila kitu asubuhi, muiache betri ichaji mchana kutwa, taa zisiwashwe usiku, kisha mpime kwa mita alfajiri. Volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12 baada ya siku nzima ya jua, fungueni vifuniko mtazame maji. Yakiwa yamepungua, ongezeni maji ya betri, si ya kisima. Sugueni ncha zenye ukungu wa kijani na mzipake grisi, kwani hewa ya bahari huzila. Paneli ioshwe, na tawi la mnazi linaloitia kivuli likatwe: kivuli cha tawi moja kinapunguza nguvu ya paneli nzima. Ikiwa betri ni ya gari, hapo msitafute zaidi, haikutengenezwa kwa kutumika pole pole usiku kucha.

Mkikuta betri ni nzima, fuateni nyaya moja moja kutoka kwenye kidhibiti chaji. Kwa kawaida mtakuta televisheni ya ofisini na simu kumi na tano zinachajiwa. Simu zichajiwe saa nne hadi saa nane mchana jua likiwa kali, kwa ada ndogo, na ada hiyo iwekwe kando kwa betri ijayo.